Mgongo Uliovunjika na Adabu ya Wakwe

“Mademoiselle, kama bidole byangu bya miguu bingali binatembea, ni nini inanilazimisha kulala hapa sawa maiti?”

Aliyeniuliza alikuwa Kambale, fundi wa mapaa kutoka Vuhovi. Alikuwa ameteleza kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiiezeka mabati, akaanguka kwa makalio juu ya rundo la matofali. Nilisimama kando ya kitanda chake, katika hospitali moja ya Butembo, nikiwa na koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Nikamwambia nitamwuliza daktari.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye wodi ya mifupa, kwa kuwa mliniomba siku ile ya Fanta na keki, mkaniita retraitée, yaani mstaafu, na kucheka mpaka mkatoa machozi. Sijafika hata miaka arobaini. Lakini kunyanyua watu wazima kila asubuhi kumeniharibu kiuno, na daktari yule yule aliyenifundisha kusoma picha za migongo ya wengine alisoma ya kwangu, akasema basi. Kwa hiyo nimestaafu kunyanyua. Kuuliza maswali sijastaafu, na mnajua hilo.

Nilipoanza kazi niliamini kwamba kiné, yaani mtu wa kufundisha viungo kufanya kazi tena, huanza kazi yake mgonjwa akishasimama. Siku ya kwanza Docteur Muhindo, mpasuaji wetu wa mifupa, alinikabidhi shuka moja na watu watatu. Akaniambia nijifunze kumgeuza mtu bila kumpinda. Ndiyo kazi niliyoifanya wiki nzima. Mmoja anashika kichwa na mabega, wawili wanashika shuka kiunoni na mapajani, wa nne anapokea mito. Aliyeshika kichwa ndiye anayetoa amri, na wengine wote wanamtii, hata awepo profesa miongoni mwao. Mgonjwa anageuka kipande kimoja kama gogo. Mkifanya vizuri hamna la kujivunia, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea.

Vifaa vyangu vingine vilikuwa pini ya nguo na pamba. Unamfumba mgonjwa macho, unamgusa kwa pamba, unamchoma kidogo kwa pini, kuanzia tumboni kwenda chini hadi vidoleni, kulia na kushoto. Anakwambia anasikia nini. Kisha unamwomba akunje kidole gumba, asukume kiganja chako kwa unyayo, akaze makalio. Pini haina ahadi nyingi. Inakwambia hali ya neva saa ile unayomchoma, na si saa nyingine yoyote. Maneno hayo Docteur Muhindo aliniambia mapema kabisa, na mimi niliyasikia kama mtu anavyosikia tangazo la redio jikoni.

Docteur Muhindo hakuwa mtu wa kufundisha kwa hotuba. Alikuwa na tabia ya kuibandika picha ya eksirei kwenye kioo cha dirisha na kunyamaza mpaka wewe uzungumze. Mimi sikuwa na shida ya kuzungumza. Kabla ya mwezi wangu wa kwanza kwisha alikuwa ameshanipa jina la Madame Pourquoi, yaani Bibi Kwa Nini, na wauguzi wakalichukua.

Nilipompelekea swali la Kambale, aliibandika picha dirishani.

“Angalia pingili hii. Ukuta ya mbele?”

“Imepondeka.”

“Na nyuma?”

“Kuna ufa.”

“Donc, nyumba imeguswa mbele na nyuma. Haiyaanguka. Wewe utalala ndani yake?”

“Docteur, nyumba hailali kitandani ikapona. Mfupa unapona. Nilisoma kwamba watu ambao neva zao ni nzima wanaweza kulazwa, kisha wakavalishwa korseti ya plasta, na wakatembea sawasawa na waliopasuliwa.”

“Ni kweli,” akasema, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angekataa.

Akanieleza njia zilizopo, na tangu hapo sijapata mtu aliyezieleza vizuri zaidi. Ya kwanza ni kitanda na plasta, ikiwa pingili imepondeka lakini haichezi. Ya pili ni kuingia kwa nyuma, kupiga skrubu katika pingili nzima za juu na za chini ya ile iliyovunjika, na kuziunganisha kwa fito mbili za chuma ili uzito upite pembeni ya ule mfupa mgonjwa. Mara nyingi unaongeza vipande vya mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu chuma kinashika kwa muda tu; mfupa ukiota juu yake ndio unaoshika kweli. Kama neva zimebanwa, unaondoa tao la mfupa lililo nyuma yake ili zipate nafasi. Lakini ole wako uliondoe tao na kumrudisha mtu wodini bila chuma: umemtolea mlango uliomfinya, na nguzo umeondoka nayo. Njia nyingine ni kuingia kwa mbele, kupitia ubavuni au tumboni, kuutoa mfupa uliosagika na kujenga mwingine mahali pake. Hiyo hatukuifanya Butembo. Tuliwatuma watu mbali kwa ajili yake, na mtu mwenye mgongo unaocheza, kumtuma mbali kwa barabara zetu ni upasuaji mwingine usio na ganzi.

“Kambale iko katikati,” akasema Docteur. “Tutamulaza. Picha ikibadilika, tunatia byuma. Umwambie ivyo.”

Nilimwambia Kambale. Hakuridhika, na kwa siri mimi pia sikuridhika na ile habari ya vyuma. Nilikuwa upande wa kitanda, si wa kisu. Nilimwona ana miguu mizima, ana nguvu, ana umri wa kupona. Kila asubuhi nilimchoma pini kila mahali, na kila asubuhi aliniambia, “Nasikia, Mademoiselle, weye unachoma sawa mbu ya Oicha.” Niliondoka pale nikijisemea kwamba kisu kingekuwa anasa.

Aliyecheka zaidi kwa mzaha ule alikuwa jirani yake wa kitanda, mnunuzi wa kakao wa Oicha aliyeangukiwa na magunia wakati lori linapakiwa. Yeye miguu yake ilikuwa imekwenda tangu siku ya ajali. Docteur Muhindo alikuwa amemwambia wazi, kwa sauti ya kawaida, kwamba vyuma vingemsaidia kukaa na kusukuma kiti bila maumivu, lakini vyuma havirudishi miguu iliyokwisha kwenda. Wodi yetu haikuwa na pazia. Maneno ya daktari kwa mmoja yalikuwa ya wote.

Sasa niwaambie kuhusu wageni. Mnaijua wodi saa za kutazama wagonjwa: vikapu, sufuria za supu, sala, habari za mazishi, na wale wanaokuja kumwona mtu mmoja na kuishia kuwasalimia wote. Mgonjwa wetu hata akiwa na homa anajikokota akae, kwa sababu kumpokea mkubwa ukiwa umelala chali ni kama kumfungia mlango. Nilikuwa najua hivyo, nimelelewa hivyo. Sikuwahi kuiwaza desturi hiyo kama sababu ya ugonjwa. Chuoni hatukusoma somo la wakwe.

Mzee Paluku, baba wa Masika, mke wa Kambale, alishuka kutoka Kipese na gunia la viazi na koti lake la misa. Masika alikuwa nje anafua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa wodi, nimeushika mguu mzito wa yule mnunuzi wa kakao, ambaye tulikuwa tumemhamishia karibu na dirisha, nikiukunja na kuunyoosha ili usikakamae. Nikainua macho, nikamwona Kambale amekaa.

Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono miwili imekamata fito za kitanda, kichwa kimeinama kidogo. Mzee Paluku alikuwa amesimama mbele yake na kofia mkononi, akimpa habari za nyumbani: mvua, ngano, mbuzi aliyezaa pacha. Kambale aliitikia kila neno. “Ndiyo, baba. Aksanti, baba. Na mama anaamuka muzuri?” Niliulaza ule mguu taratibu, kwa sababu huwezi kuutupa mguu wa mtu, kisha nikakimbia.

“Lala! Kambale, lala chini!”

Nilimshika mabega, muuguzi akamshika kiuno, tukamrudisha. Mzee Paluku alinitazama kama mtu aliyeona kuku akipiga teke mbuzi.

“Wewe mutoto muke, unamusukuma mukwe wangu mbele yangu?”

“Mzee, mgongo wake umevunjika.”

“Umevunjika namna gani? Si alikuwa anakaa muzuri? Nimemuona na macho yangu.”

Uso wa Kambale ulikuwa umelowa jasho. Nilidhani ni maumivu. Alikuwa akipumua kwa mdomo, na alipoweza kuzungumza hakunitazama mimi, alimtazama mkwe wake. “Muache, baba, ni kazi yake. Anachungaka mugongo yangu sawa mutoto wake.”

Nilichukua pini. Nilimchoma toka kitovuni hadi vidoleni, mara mbili. Hapa? “Nasikia.” Hapa? “Nasikia.” Na huku? “Nasikia, Mademoiselle.” Akakunja kidole gumba, akasukuma kiganja changu. Sikupata kasoro hata moja, na nilikuwa naitafuta.

Picha mpya ilisema jambo jingine. Pingili iliyopondeka ilikuwa imeinama zaidi mbele, na ule ufa wa nyuma ulikuwa umefunguka. Docteur Muhindo aliziweka picha mbili dirishani, ya kwanza na ya pili, akaninyamazia kama kawaida yake.

“Imebadilika,” nikakubali. “Lakini neva ni nzima, nimezipima. Tumlaze tena. Tukataze wageni.”

“Utakataza wageni Butembo?” akauliza kwa upole wa kweli. “Wale wagonjwa ulisoma, ba wapi?”

“Wa Ulaya. Wa Amerika.”

“Na bakwe babo banakujaka kubasalimia?”

Muuguzi mkuu alitoka chumbani ili acheke vizuri. Docteur akaendelea, na sasa hakuwa akitania. “Madame Pourquoi, mugongo kama hii inaweza kupona mu kitanda fulani. Mi hapana na kile kitanda. Niko na kitanda yenye iko hapa, na watu benye banaizunguka. Ni hii natunza.”

Nilimwona anashindwa na desturi na kuificha kushindwa huko ndani ya falsafa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya adabu kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema familia ndiyo itakayoamua, na kwamba niwepo.

Familia ilikaa uani, penye sehemu ya kufulia. Kaka wa Kambale alikataa kisu. Alikuwa amesikia mahali kwamba mtu akifunguliwa mgongo hasimami tena. Mzee Paluku naye alitaka vyuma, na sababu zake zilikuwa za babu: “Mutu alale miezi na miezi, wajukuu bangu batakula nini? Bamurudishe juu ya manyumba.” Masika alilia. Nilieleza njia zote mbili kwa haki, nadhani kwa haki, na nilisema kwamba mimi binafsi ningengoja.

Tulipoingia kumwuliza mwenyewe, nilitarajia atanipa nguvu. Si ndiye aliyeniuliza lile swali?

“Batie byuma,” akasema Kambale kabla Docteur hajamaliza sentensi. “Kesho kama inawezekana.”

“Uliniambia hutaki kufunguliwa,” nikasema.

“Nimebadilisha, Mademoiselle. Mutu hawezi kubadilisha?”

Nilimtazama Mzee Paluku, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda ameridhika, na nikaamini kwamba nimeona jambo lote: mwanamume mwenye miguu mizima anakwenda kupasuliwa ili baba mkwe wake asimwone amelala. Niliishi na imani hiyo miaka mingi. Niliwasimulia hata baadhi yenu, kama mfano wa jinsi mgonjwa anavyoweza kusema ndiyo isiyo yake.

Vyuma vilifika kutoka Goma baada ya kungojwa, na siku zile za kungoja Kambale hakuinua hata kisogo kutoka kwenye mto. Wageni waliongea na dari. Asubuhi ya upasuaji aliomba aone skrubu, na Docteur akamwonyesha moja ikiwa ndani ya pakiti yake iliyofungwa.

“Inaingia mu mufupa sawa mu mbao?”

“Sawa mu mbao muzuri. Mufupa yako ni libuyu, mbao ya nguvu.”

“Ukichongea pembeni ya mbao, docteur, inapasuka. Upite katikati.”

“Nitapita katikati.”

“Na isikuwe ya Chine.”

“Iko sterile, haina mikrobe, chef. Ile ingine sijui.”

Nilikuwamo bloc, yaani chumba cha upasuaji, nimesimama ukutani nikiwa nimekunja mikono juu ya kifua kama nilivyoagizwa. Ndugu zangu, wale mnaofikiri upasuaji wa mgongo ni kazi ya kisu, nendeni mkaangalie siku moja. Ni seremala mwenye subira. Anatafuta kwa kidole mahali pa kuingilia, anatoboa kidogo, anapima kwa kijiti chembamba kama kuta za tundu ni nzima pande zote, kwa kuwa upande mmoja wa ukuta huo kuna neva, na upande mwingine kuna mshipa mkubwa wa damu. Jenereta ilizima mara moja. Docteur aliacha mikono yake ilipokuwa, tukangoja, ikawaka. Fito zilipokazwa, mgongo ule uliokuwa umeinama ulinyooka mbele ya macho yangu, na nikajikuta nimesogea hatua moja kutoka ukutani, ingawa nilikuwa bado napinga.

Alipoamka nilimwomba kidole gumba. Alikikunja. Akakikunja tena bila kuombwa, akacheka kwa usingizi. Siku chache baadaye tulimkalisha, kisha tukamsimamisha, Masika upande mmoja na mimi upande mwingine. Alitembea hadi mlangoni. Mzee Paluku alikuja tena kutoka Kipese, na safari hii mkwe wake alimpokea akiwa amesimama. Walishikana mikono muda mrefu. Nilikuwa na furaha kwao wote wawili, na nikaendelea kujiuliza kama kitanda kisingefanya vilevile. Mtu mmoja hawezi kupasuliwa na pia kutopasuliwa ili tulinganishe.

Kitu kimoja nilikifanya baada ya hapo, nacho mnakitumia bado. Nilikata shuka la zamani vipande virefu vyeupe, na kila mgonjwa wa mgongo anayengoja tukamfunga kimoja kifuani, kwa fundo jepesi pembeni ya kitanda. Hakimzuii mtu hata kidogo, mtoto angekifungua. Lakini mgeni akiingia anaona kwamba mkwe wake amefungwa na docteur, na mgonjwa anasema, “Baba, unisamehe, nimefungwa.” Heshima inabaki mahali pake, na mgongo unabaki mahali pake. Docteur Muhindo alipoviona mara ya kwanza alivigusa, akaniuliza kama hilo nalo nililisoma. Nikamwambia hapana. Akasema, “Tiens,” kama kusema kumbe, na kwake neno hilo lilikuwa sherehe.

Miaka iliyofuata ilileta migongo mingi. Wapo walioliwa pingili na kifua kikuu, ambao dawa ilitangulia na chuma kikaja baadaye au hakikuja kabisa. Wapo walioletwa kwenye pikipiki, wamebanwa katikati ya motard na shemeji kama mkate ulioshikwa pande mbili, na njiani wakapoteza kile walichokuwa wamebaki nacho baada ya kuanguka. Msiwakaripie waliowaleta. Hawakuwa na gari, na walikuwa wakimwokoa mtu wao. Wafundisheni ubao na kamba: mtu alazwe juu ya ubao na afungwe asipindike.

Mwaka jana, kiuno changu kilipokwisha kunishinda, nilikwenda Beni kuona shule ambako nitafundisha. Kwenye uwanja wa jirani walikuwa wanaezeka jengo. Mtu mmoja alikuwa chini, mikono kiunoni, akiwafokea waliokuwa juu.

“Weye wa kofia nyekundu! Ufunge ile kamba! Unataka kwenda kulala na Madame Pourquoi?”

Alipogeuka alinikuta nimesimama nyuma yake. Alikuwa Kambale. Alicheka hadi akashika ukuta. Haruhusiwi tena kupanda, alisema. Anapanda kwa mdomo. Tulikwenda kunywa chai kwenye kibanda cha mama mmoja Mwislamu karibu na stendi ya malori, na pale ndipo nilipomwuliza nililotaka kumwuliza miaka yote ile: kama ni Mzee Paluku aliyemlazimisha kukubali vyuma.

“Mukwe?” Alishangaa kweli. “Mukwe hakunilazimisha kitu. Ile siku nilikaa, Mademoiselle, kuanzia hapa,” akapitisha kiganja kiunoni, “ikakuwa sawa imekatwa. Miguu hapana. Niliiangalia, nikaona ni ya mutu mwingine.”

“Mais ulikuwa unamsalimia!”

“Alikuwa mbele yangu. Ningefanya aje?”

“Nilikuchoma pini. Ulisikia yote.”

“Ulinilaza, ikarudi kidogo kidogo, sawa maji ku robine yenye ilikuwa imekauka. Ukachoma wakati ilikuwa imekwisha rudi.”

“Na ju ya nini hukutuambia?”

Alikoroga chai yake iliyokwisha korogwa. “Nilikuwa nimesikia docteur anamwambia ule wa kakao, byuma habirudishe miguu. Nikasema, nikibaambia yangu imeenda, hata kidogo tu, batanihesabia na yeye, batasema byuma ni bure. Nikanyamaza, nikasema batie mbio, ingali iko.”

Wakati wote Mzee Paluku alipokuwa akieleza habari za mvua, na ngano, na mbuzi aliyezaa pacha, na Kambale akimwitikia kila neno na kumwuliza kama mama ameamka salama, Kambale hakuwa na miguu.